Darshani ya Kiganjani: Mwaka Mmoja na Programu ya Ibada ya Kihindu

Mteja wa huduma ninayoihakiki hapa si mimi; mimi nilikuwa mbofyaji tu. Mteja ni mama mwenye nyumba niliyopanga mjini Pune, magharibi mwa India, mjane wa miaka 68 ambaye wapangaji wote humwita Kaku, jina ambalo Wamarathi humwitia mke wa baba mdogo. Yeye naye huniita "bala", yaani mwanangu, neno ambalo masikio yangu ya Kiswahili yalichukua wiki mbili kulizoea bila kujiuliza ni balaa gani nimeleta nyumbani kwake. Mwanawe wa pekee, anayefanya kazi Kanada, alimlipia kifurushi cha mwaka mzima cha programu ya simu inayouza ibada ya Kihindu, na kwa kuwa Kaku hasomi vizuri maandishi madogo ya simu, kazi ya kuifungua, kujaza fomu, kulipia nyongeza na kulalamika ikaniangukia mimi. Sikuzaliwa katika dini hiyo wala sijaingia, kwa hiyo sina haki ya kupima ibada ya mtu. Ninachokipima ni kama kilicholipiwa kilifika, na mwenye kusema kimefika au hakikufika alikuwa Kaku mwenyewe.

Jina la programu nitalihifadhi. Soko la India lina programu nyingi za namna hii zinazofanana kama pacha, na niliyoyaona mimi ni ya simu moja katika nyumba moja.

Kilichomo ndani yake ni hiki: picha za mubashara kutoka mahekalu mbalimbali, ibada ya kuagiza ambayo kuhani huifanya kwa jina lako kisha ukatumiwa video, prasadi, yaani chakula kilichotangulizwa mbele ya mungu, inayoletwa kwa posta, nyimbo za bhajani pamoja na kalenda ya siku za mfungo, na hekalu dogo la katuni ambamo ukigusa kioo kengele hulia na maua hudondoka. Hilo la mwisho nilimalize hapa hapa. Kaku aligonga kengele mara moja, akatazama maua yasiyo na harufu yakishuka, akasema mjukuu wake angelipenda, na hatukulifungua tena.

Neno linalobeba huduma nzima ni darshani. Tafsiri ya haraka ni "kuona", na hapo ndipo mgeni anapopotea, kwa kuwa Mhindu anayekwenda hekaluni haendi kutazama kama mtu anayetazama picha ukutani. Anakwenda kumwona mungu na kuonwa naye. Sanamu inapowekwa wakfu, kufunguliwa kwa macho yake ni jambo lenye ibada yake. Ndiyo maana sanamu ya mungu Rama akiwa mtoto ilikaa na kitambaa machoni katika hekalu lake jipya huko Ayodhya, kaskazini mwa India, mpaka tarehe 22 Januari 2024, siku ambayo kuwekwa kwake wakfu kulirushwa mubashara nchi nzima, na ndiyo maana picha iliyoonyesha macho yake wazi iliposambaa siku chache kabla, kuhani mkuu wa hekalu alisema jambo hilo si sawa na akataka lichunguzwe. Mtu asiyejua habari ya darshani angedhani kelele hizo zote ni za picha iliyovuja tu. Basi anayeuza darshani kwa simu anauza kitu chenye pande mbili, na swali la kumuuliza haliishii kwenye usafi wa picha.

Kaku aliliuliza asubuhi ya kwanza. Ilikuwa yapata saa 10 alfajiri, wakati wa kakada, ibada ya kumwamsha mungu. Alikuwa ameshaoga. Aliweka simu juu ya kigoda cha mbao kilichotandikwa kitambaa chekundu, akakifuta kioo kwa pindo la sari yake, akavua ndara na kuzisukuma nje ya kizingiti kwa mguu. Kwenye kioo alionekana Vithoba wa mji wa hija wa Pandharpur, mungu wa jiwe jeusi anayesimama juu ya tofali huku mikono ameishika kiunoni, akisubiri. Kwa mujibu wa masimulizi alitupiwa tofali hilo na kijana Pundalik aliyekuwa akiwahudumia wazazi wake, na mungu akakubali kungoja mpaka kijana amalize. Kaku alikunja mikono, akainama, kisha akageuka kuniuliza kwa sauti ya chini, "Bala, na yeye ananiona?" Nilimjibu kifundi kwamba kamera ya mbele imefungwa na hakuna picha inayotoka kwenda huko. Alinitazama kwa huruma, akanyanyua simu na kuiegemeza kwenye mtungi wa shaba hadi macho ya sanamu yakawa sawa na yake, akaendelea. Baadaye nilielewa kwamba swali lake halikuhusu kamera.

Msomaji asije akadhani huyu ni bibi aliyeshtushwa na mashine. Kaku ni mtoto wa redio. Mwaka 1955 kituo cha redio cha serikali cha Pune kilianza kurusha kila wiki, kwa mwaka mzima, nyimbo 56 za Kimarathi zinazosimulia habari za Rama, mashairi ya G. D. Madgulkar yaliyotiwa muziki na Sudhir Phadke, na mama yake alikuwa akimsimulia jinsi walivyokuwa wakiiwekea redio ua la njano kabla ya kuiwasha. Mjini humu humu, kampuni ya filamu ya Prabhat ilitengeneza mwaka 1936 filamu ya maisha ya Tukaram, mshairi wa karne ya 17 aliyemwimbia Vithoba huyu huyu. Hata mungu wa kike Lakshmi aliyemo katika fremu juu ya kabati la jikoni, mwenye sari nyekundu na sarafu zikimwagika kiganjani, ni mjukuu wa michoro ya Raja Ravi Varma, ambaye mwaka 1894 alianzisha kiwanda cha kuchapa picha za miungu kwa rangi, kikahamia baadaye Malavli, kituo cha treni kilicho njiani kati ya Pune na Mumbai. Picha hizo za bei nafuu ziliwapelekea mungu nyumbani watu ambao milango ya mahekalu mengi ilikuwa imefungwa mbele yao kwa sababu ya tabaka, na hilo ni jambo ambalo wauzaji wa programu, pamoja na maneno yao mengi ya kujisifu, hawalitaji kamwe.

Halafu ikaja runinga. Kuanzia Januari 1987 hadi Julai 1988, kila Jumapili asubuhi, shirika la utangazaji la taifa, Doordarshan, lilionyesha Ramayan, tamthilia ya Ramanand Sagar ya maisha ya Rama, katika sehemu 78. Kaku alikuwa na mtoto mchanga na runinga ya kwanza ya uchochoro wao, kwa hiyo Jumapili sebule yake ilikuwa ya mtaa mzima. Anakumbuka viatu. Vilijaa mlangoni kuanzia ngazi ya kwanza, kwa sababu hakuna aliyethubutu kuingia navyo mbele ya Rama, na mkwewe alikuwa akiivisha runinga shada la maua na kuifukizia udi mpaka kioo kikaweka utando wa moshi uliohitaji siki kuondoka. Habari za namna hiyo ziliripotiwa sehemu nyingi za India, pamoja na barabara zilizokuwa tupu saa hiyo. Waigizaji wenyewe hawakurudi kuwa watu wa kawaida: Dipika Chikhlia aliyecheza Sita, mke wa Rama, aliingia bungeni mwaka 1991, na Arun Govil aliyecheza Rama akamfuata mwaka 2024. Kipindi kiliporudishwa hewani tarehe 28 Machi 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani kwa sababu ya korona, Kaku alikitazama chote upya, ila safari hii peke yake na bila shada. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mwaka ule wa 1987 walikuwa wakimtazama Rama pamoja, na mwaka 2020 alikuwa akitazama runinga.

Wapo wanazuoni waliolalamika tangu wakati huo kwamba kipindi kile kiliichukua hadithi yenye matoleo mengi, ya kila lugha na kila jimbo, kikaifanya iwe moja, na kwamba picha hiyo moja ya Rama iliwafaa wanasiasa katika miaka iliyoishia na kubomolewa kwa msikiti wa Babri huko Ayodhya, mahali ambapo Wahindu wengi huamini Rama alizaliwa, tarehe 6 Desemba 1992. Nalitaja kwa sababu lina uhusiano na huduma hii kuliko inavyoonekana. Programu ya Kaku inaonyesha mahekalu zaidi ya 30, lakini yaliyo kwenye ukurasa wa kwanza ni yale yale sita makubwa, na kumfikia mungu wa ukoo wa mumewe, ambaye hekalu lake liko kilimani katika kijiji kisicho na lami, haiwezekani kabisa. Hayumo. Kwa programu, mungu asiye na kamera hayupo.

Sasa nije kwenye kilicho kizuri, maana kipo. Kamera ya garbhagriha, yaani chumba cha ndani kabisa anamokaa mungu, ndiyo bidhaa bora kuliko zote katika kifurushi hiki, na ubora wake umo katika kutofanya lolote. Imetundikwa mahali pamoja, haisogei, haina msimulizi, haina muziki wa kupachika. Unamwona kuhani akiingia na taa ya samli, unasikia kengele na miguu isiyo na viatu ikikwaruza sakafu, na kwa dakika nyingi huoni chochote isipokuwa mungu amesimama na mistari ya watu ikipita. Wenye kutengeneza vipindi wangeliita hilo kosa. Kwa Kaku ndilo jambo lenyewe, kwa kuwa siku ya Vithoba ina ratiba yake: anaamshwa, anaogeshwa, analishwa, alasiri anabadilishwa mavazi, usiku analazwa, na mtu aliyeoanisha siku yake na hiyo hahitaji kusimuliwa. Nilimzoea kumwona akikoroga chai jikoni, simu ikiwa imeegemezwa kwenye mtungi wake, akiinua kichwa kila baada ya muda kama mtu anayechungulia kama mgeni amemaliza kula.

Tena huko Pandharpur wenyewe walishaligawa jambo hili kabla ya simu. Ipo darshani ya miguu, ambayo kwayo muumini hufika mpaka kwa sanamu na kuweka kichwa chake miguuni pake, na katika siku kuu foleni yake huweza kupita saa ishirini. Na ipo darshani ya uso, ya kumwona kwa mbali na kwenda zako, yenye foleni fupi. Kaku, ambaye magoti yalimkataza foleni ndefu tangu miaka minane iliyopita, anaihesabu simu kuwa darshani ya uso, si zaidi wala si pungufu. Hesabu hiyo niliiona ya haki kuliko tangazo la programu, ambalo linaahidi kwamba utajiona "uko miguuni pake". Hauko. Uko jikoni, na hakuna ubaya.

Lakini kamera hiyo haikuwekwa na programu. Imewekwa na hekalu, na kamati ya hekalu huitoa bila malipo kwenye tovuti yake. Programu huichukua, huizungushia fremu ya dhahabu na kuipachika matangazo ya biashara. Katika wiki ya pili, taa ikiwa katikati ya mzunguko wake mbele ya uso wa mungu, picha ilikatika na akatokea kijana mwenye miwani akitangaza mikopo ya dakika tano, na kabla sijapata mahali pa kubonyeza ili kumwondoa, akafuatwa na mchezo wa karata wa kuchezea pesa. Kaku alifunika simu kwa kitambaa. Iligundulika kwamba kifurushi cha mwaka alicholipiwa hakikujumuisha kuondoa matangazo. Hilo lilikuwa na malipo yake, rupia 99 kwa mwezi. Nililipa, na kusema kweli matangazo yaliisha, ila kulipia mara ya pili ili mkopeshaji asiingie kati ya mtu na mungu wake ni jambo ambalo hata sasa limenikaa kooni.

Kosa kubwa zaidi halikuwa hilo. Ilikuwa siku ya kawaida ya mwezi wa Novemba, jioni, na kwenye kona ya picha kulikuwa na neno jekundu la "mubashara". Kaku alikaa, akakunja mikono, akatazama kidogo, kisha akaikunjua. "Hii ya jana," alisema. Nilimwonyesha lile neno jekundu. Akanionyesha kwa kidole vazi la Vithoba: lilikuwa la kijani lenye ukingo wa zari, na jana jioni alikuwa amevaa hilo hilo, na leo alasiri, alipobadilishwa nguo, alivishwa la njano, maana yeye Kaku alikuwapo jikoni akimenya vitunguu na aliona. Nilifungua tovuti ya hekalu kwenye kompyuta yangu. Vazi lilikuwa la njano. Programu ilikuwa ikirusha rekodi ya saa ishirini na nne zilizopita na kuiita mubashara, na hakuna mtu katika ofisi zao aliyekuwa na jicho la mama huyu la kuwaumbua.

Nilipowaandikia, jibu la kwanza lilitoka kwa mashine na kunishukuru kwa kuwa sehemu ya familia yao. La pili, baada ya siku tatu, lilieleza kwamba mtandao unapokuwa dhaifu mfumo huweka "maudhui mbadala" ili muumini asikose darshani. Maelezo hayo ndiyo yaliyonithibitishia kwamba waliojenga mfumo hawaelewi wanachokiuza. Wimbo uliorekodiwa hubaki wimbo. Picha ya Lakshmi iliyochapwa miaka mingi iliyopita huwekewa ua kila asubuhi na hakuna anayedai kwamba amedanganywa, kwa kuwa picha haikusema kwamba ni mubashara. Mtu anayeambiwa kwamba mungu yuko mbele yake sasa hivi, akaoga, akakaa, akaangalia, kumbe anatazama jana, ameonwa na nani? Hilo ndilo swali la Kaku la asubuhi ya kwanza, na kwa siku hiyo jibu lake lilikuwa hakuna.

Niseme pia kidogo kuhusu mahekalu yenyewe, maana nayo yako katika mvutano huu huu. Mwaka 2008 hekalu tajiri la Tirumala, kusini mwa India, lilianzisha kituo chake cha runinga badala ya kungoja wengine walionyeshe. Wakati huo huo mahekalu hayo hayo yanazidi kuwakataza waumini simu: Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Madras iliagiza simu zipigwe marufuku katika mahekalu ya jimbo la Tamil Nadu, na mwaka 2023 Kedarnath, huko Himalaya, ikazuia upigaji picha baada ya video za vijana wanaochumbiana mbele ya hekalu kuzagaa. Ukiyaweka pamoja mambo haya hayapingani sana. Kamera ya hekalu imekaa kimya ukutani na kumtazama mungu. Simu ya muumini, mara nyingi, imempa mungu kisogo ili imtazame mwenyewe. Katika Maha Kumbh ya Prayagraj ya mwaka 2025, mkusanyiko mkubwa wa mahujaji wanaokwenda kuoga mtoni, alijitokeza hata mtu aliyepokea picha za watu kwa simu, akazichapa na kuzichovya mtoni kwa rupia 1,100. Nilimwonyesha Kaku video hiyo nikitarajia acheke. Aliuliza tu kama picha ilikuwa imelowa vizuri.

Ibada ya kuagiza ndiyo sehemu niliyoilipia kwa matumaini makubwa na ndiyo iliyoniaibisha. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe ilikuwa imekaribia, na Kaku akataka afanyiwe puja, yaani ibada, ya Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, katika hekalu mojawapo la orodha. Bei ilikuwa rupia 851. Moja ya mwisho si ya bahati mbaya, kwani sadaka na zawadi za heri humalizikia na moja, na katika hilo programu ilikuwa na adabu. Fomu iliuliza jina la mwombewa na gotra yake, yaani ukoo wa kale ambao Mhindu hujinasibu nao kwa mmoja wa wahenga watakatifu, kwa sababu kabla ya puja kuhani hutamka kusudio, sankalpa, akitaja ni nani anayeombewa, wa ukoo gani, wapi na lini. Chini yake kwa maandishi madogo iliandikwa kwamba asiyejua gotra yake atatajwa kama Kashyap, jambo ambalo makuhani wengi hulikubali. Sisi tulijua. Niliandika Bharadwaj, nikasoma tena herufi kwa herufi mbele ya Kaku, nikatuma.

Video ilifika baada ya siku mbili. Ilikuwa ya dakika nne, ina muziki wa filamu chini yake, na ndani yake kuhani mwenye sauti iliyokauka alikuwa akisoma majina kutoka kwenye karatasi jinsi mwalimu wa zamu anavyoita mahudhurio, bila kuinua macho. Jina la mwanawe lilipita katika dakika ya tatu. Lilipita na Kashyap. Kaku aliirudisha nyuma mara tatu, sikio limegusa spika, kisha akaweka simu chini na kusema kwamba mahali fulani kuna kijana wa Kashyap mwenye jina kama la mwanawe ambaye leo ameombewa vizuri, na aliyelipa ni yeye. Alicheka, ila hakunirudishia simu kwa muda mrefu. Kampuni ilirudisha nusu ya pesa. Kuhusu nusu nyingine walieleza kwamba huduma ilikuwa imetolewa.

Asubuhi ya pili yake alimwita kuhani wake wa siku zote, mzee anayekuja na pikipiki na mfuko wa plastiki wenye kila kitu. Wakaweka sinia, nazi, mchele uliotiwa kumkum, unga mwekundu wa ibada, na taa. Kisha Kaku akaniambia nimpigie mwanawe simu ya video. Kule Kanada ulikuwa usiku. Alitokea kwenye kioo akiwa ametoka kuoga, nywele zikidondosha maji, kavaa fulana ya ofisini kwa sababu hakuwa na nyingine safi karibu. Kuhani aliielekeza simu kwanza kwa mungu, akahakikisha kijana anaona, halafu akaigeuza imtazame kijana, akamtaka atamke sankalpa mwenyewe: jina lake, Bharadwaj, mji alipo. Aliposema jina la mji wa Kanada, mzee alimsimamisha na kumrudisha hadi alipolitamka polepole, akalirudia kwa Kisanskriti chake mwenyewe na kuendelea. Ilichukua nusu saa na kugharimu rupia 301 pamoja na chai. Simu ni ile ile, mtandao ni ule ule, na hapakuwa na programu yoyote ya dini ndani yake.

Prasadi, chakula kinachotangulizwa mbele ya mungu kikarejea kwa muumini kama tabaruku, ilifika siku ya tisa. Boksi ni zuri. Ndani mlikuwa na pedha, zile peremende laini za maziwa, zilizogeuka unga, pakiti ya kumkum, majani makavu ya tulsi, ndugu wa kivumbasi chetu, pamoja na kadi ya kuniomba niipe huduma nyota tano. Kaku alikung'uta unga wa pedha kwenye sahani, akaugawa kwa wapangaji wote wanne kwa kijiko, na hakuacha hata punje. Katika jambo hili peke yake hakuwa na lawama. Prasadi iliyopondeka ni prasadi.

Bhajani ni nyingi na sauti yake ni safi, ingawa Kaku anaziona za kasi mno na huendelea na kanda zake za kaseti za miaka ya 1980. Kalenda ya mfungo ni sahihi na ndiyo iliyotumika kila wiki. Arifa zinachosha: nilihesabu kumi na moja katika siku moja ya Jumanne, zote zikimtisha kwamba siku ya heri inamponyoka.

Nikitakiwa kuipa nyota, ni mbili kati ya tano, na zote mbili ni za kamera ambayo si yao. Anayetaka kumwekea mzazi wake darshani nyumbani aanze na tovuti ya hekalu lenyewe, aiweke kwenye ukurasa wa kwanza wa simu ili ifunguke kwa mguso mmoja. Kama atapenda programu, asubiri kabla ya kulipia mwaka. Alipie mwezi, na mara tu baada ya kulipia aingie kwenye mipangilio azime kujirudia kwa malipo, maana swichi hiyo imefichwa chini ya ukurasa wa tatu. Ibada ya kuagiza asiiguse kama bado ana kuhani anayemjua kwa jina.

Juni iliyopita misafara ya mahujaji waendao Pandharpur kwa miguu, safari ya takriban wiki tatu, ilipita Pune na kulala siku mbili kama ilivyo desturi. Programu iliionyesha kutoka angani kwa droni, na picha zilikuwa za kupendeza kweli kweli, mto wa kofia nyeupe. Kaku alikumbuka mwaka 2020, ambapo korona iliufuta msafara na ndara takatifu za watakatifu zikapelekwa kwa basi la serikali, naye akafuatilia basi hilo kwenye runinga mpaka likafika. Safari hii aliniomba mkono. Tulishuka ngazi moja moja, tukasimama kando ya barabara kwa saa mbili unusu, na gari la kukokotwa na ng'ombe lilipopita alinyoosha mkono kati ya mabega ya watu akaligusa ubavuni, akaurudisha mkono kwenye paji la uso wake. Simu alikuwa ameiacha juu ya kigoda, imewashwa.

Kifurushi kinaisha mwezi huu. Mwanawe amepiga simu kuuliza kama alipie tena, na Kaku amemjibu alipie bando tu, kisha apige siku ya mfungo ya Ekadashi, awe ameoga.